Faili la Dada

Muuguzi alitokeza kichwa mlangoni, akasoma jina lililoandikwa kwenye faili, na Fundi akaitika "Abee!" kabla jina lenyewe halijamalizika kutamkwa. Kwa miaka hamsini na miwili alikuwa akiitika hivyo katika jengo lile lile, tangu zama madirisha yake yalipopakwa rangi nyeupe nusu ili wapita njia wasichungulie, mpaka leo yana vioo vya kusukuma. Kasoro ilikuwa moja tu. Jina lile halikuwa lake. Lilikuwa la dada yake, na dada yake alikuwa na mwaka wa nne kaburini.

Siku nyingine zote hakuna aliyejali. Wauguzi walijua kuna bibi mmoja mshona nguo anayekuja kila mwezi kupima presha, anayewatania kuhusu mishono ya sare zao, na anayeitwa hivyo. Basi. Lakini siku hiyo hakuja peke yake. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevimba hata hauingii kiatu, na aliyekuwa akimsukuma kwenye kiti cha magurudumu ni binti wa Dada mwenyewe, mwanamke mzima, mwalimu wa hesabu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Mwalimu aliposikia jina la marehemu mama yake likiitwa kwa sauti, aligeuka nyuma kutazama. Nani asingegeuka?

"Mama mdogo," akauliza taratibu, "wamemwita nani?"

"Nisukume, mwanangu. Nitakueleza."

"Wamemwita mama."

"Nimesikia. Sukuma, foleni ndefu."

Daktari wa zamu alikuwa binti mdogo mwenye viatu vya raba na macho ya mtu aliyekosa usingizi wa wiki nzima. Alimtazama Fundi mguu, akabonyeza pembeni ya kidonda kilichokuwa kwenye muundi, akaona Fundi anavyouma meno, akaacha. Kidonda kilianza kwa kukwaruzwa na pembe ya cherehani miezi mitatu nyuma. Kitu cha kupaka mafuta tu, Fundi alidhani, akapaka mafuta.

"Mama, majibu ya usaha yametoka maabara," daktari akasema. "Wadudu wamefika kwenye mfupa. Zile dawa mbili tulizokupa wamezichezea tu. Iliyobaki ni moja wanayoiogopa kwelikweli, nayo ni penisilini. Ningeweza kukuwekea kwenye dripu leo leo. Ila tazama."

Akaligeuza faili. Lilikuwa faili la zamani, limenenepa, limeshonwa kwa uzi mara mbili mgongoni. Juu ya jalada, kwa wino mwekundu uliofifia na kuwa rangi ya kutu, pameandikwa: ASIPEWE PENISILINI MAISHA.

"Ilitaka kukuua, sivyo? Na dawa nyingine yenye nguvu kama hiyo inapita kwenye figo, na figo zako zimechoka. Nikikupa hiyo nitakutoa huku nikutie kule."

"Kwa hiyo?" akauliza Mwalimu.

"Kwa hiyo tunazungumza habari ya kukata. Chini ya goti. Na nisingependa tupite kesho kutwa."

Fundi aliutazama mguu wake. Ulikuwa ule unaotangulia kwenye kikanyagio cha cherehani, ule ulioshona mashati, magauni na mapazia yasiyo na idadi huku yeye akiimba. Alifungua mdomo, akaufunga. Daktari akadhani ni mshtuko, maskini, akamwambia Mwalimu amtoe nje wakazungumze kifamilia, naye akimaliza wagonjwa wawili atawaita.

Walikaa mwisho wa ukumbi, karibu na dirisha. Mwalimu hakupiga kelele. Angepiga, ingekuwa nafuu.

"Mama mdogo, mimi kazi yangu ni hesabu," akasema. "Mtu mmoja hawezi kuwa amekufa na wakati huohuo ana miadi ya Jumanne. Nieleze."

Fundi akapiga moyo konde, akaeleza.

Zamani hizo, hapa hapakuwa hospitali. Palikuwa zahanati ya kiwanda cha sabuni, vyumba vitatu na kibaraza, na waliotibiwa ni wafanyakazi tu, siyo wadogo wa wafanyakazi. Dada alifunga sabuni tangu ana umri wa miaka kumi na sita. Mikono yake ilinuka sabuni hata akitoka kumenya vitunguu. Fundi alikuwa nyumbani anajifunza cherehani, na alipofika miaka kumi na tisa akashikwa na kichomi, akawa hawezi kuvuta pumzi bila kujishika ubavu. Dada hakuuliza mtu. Alimvua Fundi nguo, akamvisha ovaroli yake ya kazini, akamfunga kitambaa chake cha kichwa, akampa kadi.

"Ukiitwa jina langu, sema abee," akamwambia. "Usiseme jingine lolote. Wewe ukifungua mdomo huwa unaharibu."

Walikuwa wamefanana mno, isipokuwa Dada alikuwa na mwanya na ulimi mkali zaidi. Fundi akaenda. Jina likaitwa, akaitika, akaingia, na humo ndani akamkuta Daktari Polepole.

Hilo jina walimpa wafanyakazi wenyewe. Mgonjwa mmoja wa mafua angeweza kumchukua nusu saa. Kile chombo cha kusikilizia moyo alikuwa akikipasha moto kwanza kiganjani, akisema, "Usishtuke, kimelala nje." Sindano alizichemsha mwenyewe kwenye sufuria ndogo, mvuke ukajaa chumba kizima mpaka miwani yake ikapata ukungu, naye akaendelea kuongea na wewe huku haoni kitu. Na hata uwe umekuja na kidole kilichojikata, lazima akuulize: "Nani amekuudhi wiki hii?" Ukimjibu, anaandika. Aliandika kwa Kiswahili, kirefu, kama anamwandikia ndugu yake barua.

"Uko idara gani?" alimuuliza Fundi siku ile.

"Ya sabuni," Fundi akajibu.

"Binti, kiwanda chote ni cha sabuni."

Akamshika mkono kumpima mapigo. Akauleta karibu na pua, kidogo tu, kama mtu anayejikuna shavu. Mkono ule ulinuka mafuta ya cherehani. Daktari Polepole akaurudisha juu ya meza, akaandika anachoandika, akampiga sindano za penisilini siku kumi mfululizo, na Fundi akapona akawa anapanda ngazi akiruka.

Tangu hapo ikawa mazoea. Dada akiumwa anakwenda, Fundi akiumwa anakwenda, faili likanenepa. Sharti lilikuwa kwamba kila anayerudi amsimulie mwenzake kila kitu: ameulizwa nini, amejibu nini, amepimwa wapi, daktari alicheka au hakucheka. Walilala chumba kimoja, kitanda kimoja, na waligeuza mambo hayo kuwa michezo. Dada alijua kumwigiza Daktari Polepole hata kukohoa kwake. Kuna nyakati Fundi alikwenda zahanati na kuulizwa, "Ule mgongo wako je?" akajibu bila kigugumizi habari za mgongo usio wake.

"Kwa hiyo mlimdanganya yule mzee miaka yote," Mwalimu akasema.

"Tulimdanganya miaka minne," Fundi akasema. "Baadaye akatusaidia kudanganya wengine."

Maana mwaka wa nne Dada alitokwa na jipu kwapani. Akaenda, akapigwa sindano ile ile ya penisilini. Fundi alikuwa akimngoja kwenye geti la kiwanda ili waende nyumbani pamoja. Akamwona Dada anakuja anajikuna shingo, anacheka kitu, halafu midomo ikaanza kuvimba, halafu macho yakafumbika yenyewe, halafu akaketi chini palepale kwenye vumbi na kuanza kuvuta pumzi kwa mluzi. Fundi hakukumbuka kadi wala jina. Alimbeba mgongoni. Alipoingia naye zahanati anapiga yowe, Daktari Polepole alitoka chumbani akikimbia, na hiyo ndiyo siku pekee ambayo mtu yeyote alimwona akikimbia.

Dada alirudi duniani baada ya sindano mbili. Alipoanza kupumua vizuri, mzee akavuta kiti, akakaa, akamtazama aliyelala, akamtazama aliyesimama. Walikuwa wamevaa hata kandambili zinazofanana. Fundi alingoja matusi.

"Nikiandika kwamba mko wawili," mzee akasema, akifuta miwani, "mmoja atafukuzwa hapa na mwingine atafukuzwa kazini. Nikiandika kwamba ni mmoja, siku nisipokuwepo atakuja mwenzangu na kumuua asiyestahili. Basi nitaandika kwamba ni mmoja, na huyo mmoja asiguswe na penisilini maisha yake yote. Wewe mwenye kupona nayo umeipoteza kuanzia leo. Mnakubali?"

Wakakubali. Akachukua wino mwekundu.

Hakulitaja tena jambo hilo. Ila kila mmoja wao alipokwenda, akishamaliza kutibiwa, akishafunga vifungo na kushika kitasa cha mlango, mzee alikuwa akiuliza bila kuinua kichwa kutoka kwenye maandishi: "Na yule mwingine, hajambo?"

Mtu alipita na ndoo na fagio la maji, wakainua miguu. Yaani Mwalimu aliinua, na Fundi akajaribu.

Mengine Mwalimu aliyajua. Mzee alistaafu, akafa. Kiwanda kikafungwa. Zahanati ikachukuliwa ikawa hospitali, ikaongezwa ghorofa, na makabati ya mafaili yakahamishwa na faili lao humo ndani. Madaktari wakaja na kuondoka, na hakuna aliyesoma nyuma zaidi ya kurasa mbili. Wale akina dada wakazeeka ndani ya faili moja. Halafu asubuhi moja Dada akaanika nguo, akasema anajinyoosha kidogo, na hakuamka.

"Wiki ya tatu baada ya kuzika nilikuja hapa," Fundi akasema. "Haki ya Mungu nilikuja kuwaambia. Nimekaa pale, kwenye benchi lile. Nimeshapanga maneno. Nikasikia yule muuguzi anamwita. Kwa sauti ya kawaida tu, kama hajaenda popote. Mwanangu, dunia nzima ilikuwa imeshapewa habari. Nyumbani wamegawa nguo zake, majirani wameacha kumuulizia. Hapa tu ndipo walipokuwa hawajui. Nikaitika."

Mwalimu alikuwa akiitazama sakafu iliyokuwa inakauka.

"Kwa hiyo mama yangu alipimwa presha mwezi uliopita."

"Ilikuwa nzuri."

Mwalimu akajaribu kujizuia, akashindwa, akacheka. Fundi naye akacheka. Walicheka mpaka wagonjwa wa benchi la mbele wakageuka kuwatazama kwa chuki, kwa kuwa mtu aliyepanga foleni tangu alfajiri hapendi kuona wengine wanafurahi hospitalini. Halafu Mwalimu akafuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Ukikatwa mguu kwa ajili ya jina la mama, mama atatoka huko alikolala aje anicharaze mimi," akasema. "Unamjua."

"Namjua."

"Basi mwambie daktari."

"Nikimwambia watamfuta."

"Mama mdogo, alishafariki."

"Najua alishafariki! Nani alimfumba macho, si mimi?" Fundi alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyotaka, akashusha. "Najua. Lakini hapa bado."

Mwalimu alikamata mpini wa kiti, na walipoitwa akamsukuma ndani.

Fundi aliyasema maneno yote kwa mkupuo, akiwa ameyakazia macho mapande ya pamba mezani. Kwamba yeye siye yule. Kwamba yule alishakufa. Kwamba penisilini ilimkataa yule, na yeye mwenyewe alishapigwa sindano zake kumi akapona. Alipomaliza, daktari aliweka kalamu chini kwa upole wa kutia wasiwasi.

"Mama yangu," akasema, "mtu akiambiwa atakatwa mguu husema mengi. Wiki iliyopita kuna mzee aliniambia mguu siyo wake. Nakuelewa. Lakini nikikuamini kwa mdomo nikakuwekea dripu, na ikawa umenidanganya, unakufa hapa mikononi mwangu ndani ya dakika tano."

"Soma faili," Mwalimu akasema.

"Nimelisoma."

"Umesoma mwisho wake. Soma mwanzo."

Daktari akatazama saa, akatazama mlango uliojaa watu nyuma yake, akavuta faili. Alifunua haraka haraka, kisha taratibu, kisha akarudi nyuma kurasa mbili. Akasoma kwa sauti: "Amerudi kutoka upasuaji. Kidole tumbo kimetolewa salama." Akafunua tena, miaka sita mbele. "Amerudi kutoka upasuaji. Kidole tumbo kimetolewa." Na chini yake, kwa herufi ndogo: "Msomaji asishangae."

Daktari alijishika mdomo. Muuguzi aliyekuwa akipanga mabomba ya sindano alikuja kuchungulia juu ya bega lake.

"Mtu ana kidole tumbo kimoja," Mwalimu akasema, kwa sauti anayotumia darasani. "Na hapa, angalia, mimba ya miezi minane. Wiki mbili baadaye ana kilo kumi pungufu na hana mimba, amekuja na mafua. Wiki moja tena, mimba imerudi. Na hapa kuna sindano kumi za penisilini bila tatizo. Inatosha?"

"Inatosha kuwa walikuwa wawili," daktari akasema. "Haitoshi kujua wewe ni yupi. Na hizo sindano kumi hazithibitishi kitu, mtu anaweza kuipokea dawa leo, ikamkataa mwaka mwingine." Akamtazama Fundi. Sasa alimtazama usoni, siyo mguuni. "Tunafanya hivi. Nakuwekea tone dogo chini ya ngozi. Trei ya dawa za kuokolea iko hapa, muuguzi yuko hapa, mimi siondoki. Tunangoja dakika ishirini. Kama wewe ni yule, mkono utavimba na tutajua. Uko tayari?"

Fundi alinyoosha mkono. Daktari akachoma sindano nyembamba ndani ya kigasha, akachora duara kwa kalamu kuzunguka pale alipochoma, akaandika saa.

"Na huku tukingoja, nataka nikufungulie faili lako. Sina historia yako, mama. Miaka hamsini unatibiwa hapa na sina hata ukurasa wako mmoja. Nionyeshe zipi zako."

Akampa vijikaratasi vya manjano vya kunata. Fundi akaliweka faili mapajani. Hakuwahi kuligusa maishani mwake. Lilikuwa likipita juu kwa juu, kutoka mkono wa muuguzi kwenda meza ya daktari. Kurasa za mwanzo zilikuwa laini kama kitambaa kilichofuliwa sana, na mwandiko wa Daktari Polepole ulilala upande mmoja vilevile alivyokuwa akilaza kichwa.

Ameungua mkono kwa magadi. Nani amemuudhi: msimamizi. Hiyo ya Dada. Kikohozi, wiki moja. Nani amemuudhi: mteja aliyekataa gauni la harusi kwa kuwa harusi yenyewe imevunjika. Fundi akacheka kwa pua, akabandika karatasi ya manjano. Yule mteja! Gauni lilikaa nyumbani miaka miwili, Dada akilivaa kufagilia uwanja.

"Hii?" daktari akauliza.

Mtoto wa kike, kilo tatu na robo. Analia kwa hasira. Mama yake anacheka.

Mwalimu aliinama kusoma. Alipeleka kidole kwenye mstari ule, akakiacha pale muda. "Bado nina hasira," akasema, na hakuna aliyehitaji kuambiwa ukurasa ule ni wa nani.

Ukurasa wa mbele kidogo ulikuwa na mistari miwili tu. Mimba imetoka, miezi mitatu. Hakutaka kumwambia mtu. Fundi aliusoma, akabandika karatasi ya manjano, akafunua upesi. Mwalimu aliona. Alimwekea mama yake mdogo mkono begani na hakuuondoa.

"Mkono unawasha?" daktari akauliza.

"Hauwashi."

"Pumzi?"

"Ninayo."

Waliendelea. Ya Dada, ya Dada, yangu. Meno, ya Dada. Macho, yangu, ni uzi mweusi kwenye nguo nyeusi unaoharibu macho. Kila ukurasa ulifungua chumba kile cha zamani, mvuke, miwani yenye ukungu, sabuni iliyotamalaki kila kitu mpaka dawa, na usiku ule kitandani wakisimuliana huku wamejifunika kichwa ili mama yao asisikie kicheko. Fundi alijikuta anatamani kuwa mgonjwa wa siku zile. Kuumwa kwenyewe kulikuwa vilevile, lakini ulikuwa ukiumwa mbele ya mtu. Akafika kwenye ukurasa mmoja, akasimama.

Tarehe ilikuwa ya wiki ile waliyomzika mama yao.

Hana homa. Hakuna panapouma. Nimemuuliza nani amemuudhi, akalia. Amelia tangu saa nne mpaka adhuhuri. Wagonjwa wengine nimewaomba warudi kesho. Dawa: hakuna.

"Huo wa nani?" daktari akauliza.

Fundi aliitafuta siku ile kichwani. Alikiona kiti, aliliona pazia, alimwona mzee anaifunga kalamu kifuniko na kuiweka mfukoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya akiwa na mgonjwa. Aliona yote. Lakini aliona kwa macho yake, au aliona kwa kusimuliwa? Wiki ile walilala wamekumbatiana, na mmoja alimwambia mwenzake, "Leo nimelia kwa yule mzee mpaka nikaona aibu." Nani alisema na nani alisikia, hakujua. Alijaribu kumsikia Dada akisema, akamsikia. Alijaribu kujisikia mwenyewe akisema, akajisikia.

"Sijui," akasema. "Huo sijui."

"Hauna shida, siyo wa dawa." Daktari aliangalia saa, akaushika mkono wa Fundi, akausogeza kwenye mwanga wa dirisha. Ndani ya duara la kalamu ngozi ilikuwa tulivu, ina alama ndogo ya sindano na basi. Alipapasa kwa kidole. Akangoja dakika tano nyingine kwa uangalifu wake mwenyewe, akapapasa tena.

"Wewe siye yule," akasema, na akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Tunaanza dripu leo. Siku ya kwanza nitakukalia kama askari, lakini tunaanza. Sikuahidi kitu, mama, ila nadhani mguu tutaubakisha."

Mwalimu aliketi ghafla kwenye kitanda cha kupimia. Muuguzi akatoka kwenda kuleta dripu. Daktari alichukua faili jipya jembamba, akauliza jina, na Fundi akalitaja jina lake mwenyewe ndani ya jengo lile kwa mara ya kwanza tangu ana miaka kumi na tisa. Lilimtoka kwa shida, akalirudia. Daktari akaandika. Kisha akavuta lile faili nene.

"Hili inabidi nilifunge. Alifariki lini?"

Fundi akataja siku, mwezi na mwaka. Daktari akaandika kwenye jalada, chini ya yale maandishi mekundu. Ilichukua muda mfupi sana.

"Litakwenda stoo," akasema. "Kurasa zako nitazitoa nihamishie kwako. Na ule mmoja usioujua, niuweke wapi?"

Fundi aliutazama ukurasa ule. Karatasi ya manjano ilikuwa bado imemganda kidoleni, akaibandua, akaikunja ndogo ndogo.

"Mwachie dada yangu," akasema. "Aliyelia ni yeye."

"Una uhakika?"

"Mimi sijalia bado," Fundi akasema. Miaka minne ilimtoka kwa pamoja. Alilia kwa kelele, mdomo wazi, bila kujifunika uso, akimwita dada yake kwa jina, na safari hii hakuna mtu chumbani aliyeitika. Muuguzi alirudi na dripu, akakwama nayo mlangoni. Daktari akafunga kalamu yake, akamwambia muuguzi awaombe watu wa nje wasubiri, kisha akavuta kiti karibu.